Kwa Nini Tunaweka Sifuri Upande wa Pili

Leo nazungumzia hisabati, na nakuomba usihame masafa. Kama una kalamu na kipande cha karatasi karibu, vizuri. Kama huna, sikiliza tu, maana namba nitakazozitaja ni ndogo na zinashikika kichwani.

Tuanze na mpira. Msimu wa 2023/24 Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa na mechi 240. Kila timu ilikutana na kila timu nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Swali ni hili: ligi hiyo ilikuwa na timu ngapi? Mpenzi wa soka atajibu papo hapo kwamba ni 16, kwa sababu anazijua kwa majina. Lakini chukulia kwamba huijui hata timu moja, umepewa hiyo 240 peke yake. Utafikaje kwenye 16?

Idadi ya timu hatuijui, basi tuiite x. Kila timu inakaribisha nyumbani kwake timu zote isipokuwa yenyewe, kwa hiyo inacheza nyumbani mechi x toa 1. Timu zote x zikifanya hivyo, jumla ya mechi ni x mara mabano ya x toa 1, na hizo ndizo 240 zetu. Tukifungua mabano tunapata x² – x = 240. Hapo tayari tumeingia kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili, ule ambao mwanafunzi wa Tanzania hukutana nao kidato cha pili, na aliyesoma Kenya kwa mfumo wa 8-4-4 naye alikutana nao kidato hichohicho. Watu wazima wengi wanaukumbuka kama somo lililowapita hivihivi, likaacha harufu ya chaki na hofu ya mtihani.

Njia ya kuutatua ninayotaka tuizungumze ni ile ya vigawo. Na ndani ya njia hiyo kuna hatua moja ambayo darasani hupitiwa mbiombio: kuhamishia kila kitu upande mmoja wa alama ya sawasawa, na kubakiza sifuri upande wa pili. Mwanafunzi huifanya kwa kuwa mwalimu kasema ifanywe. Mimi nasema hatua hiyo ndiyo roho ya njia nzima. Asiyejua kwa nini sifuri inakaa pale hajaielewa njia ya vigawo, hata kama daftari lake limejaa alama za vema.

Tuimalize kwanza ligi yetu. Tunaihamisha 240, na mlinganyo unakuwa x² – x – 240 = 0. Sasa tunatafuta namba mbili ambazo zao lake ni hasi 240 na jumla yake ni hasi 1. Vigawo vya 240 vinakuja jozi kwa jozi: 1 na 240, 2 na 120, 3 na 80, 4 na 60, 5 na 48, 6 na 40, 8 na 30, 10 na 24, 12 na 20, 15 na 16. Ziko jozi kumi, hakuna nyingine. Zao likiwa hasi, namba moja ni hasi na mwenzake ni chanya, kwa hiyo tunataka jozi ambayo namba zake zinapishana kwa 1 tu. Ni 15 na 16. Na kwa kuwa jumla ni hasi, ile kubwa ndiyo inayobeba alama ya kutoa. Tunaandika basi: mabano ya x toa 16, mara mabano ya x jumlisha 15, ni sawa na sifuri. Kwa maandishi ni (x – 16)(x + 15) = 0. Majibu ni mawili, 16 na hasi 15. Timu hasi 15 hazipo duniani, kwa hiyo ligi ina timu 16.

Hapa naomba tusiitupe hasi 15 kwa dharau. Hasi 15 mara hasi 16 ni 240. Kama namba, ni jibu sahihi kabisa. Mlinganyo haujui habari za mpira, unajua namba tu. Anayejua kwamba timu haziwezi kuwa hasi ni wewe unayehesabu, na kulikataa jibu hilo ni sehemu ya hesabu yenyewe. Mwanafunzi anayeandika majibu yote mawili, kisha akaeleza kwa sentensi moja kwa nini moja halifai, amefanya kazi ya mtu anayefikiri.

Sasa turudi kwenye sifuri. Tulipata wapi ruhusa ya kusema kwamba ama x toa 16 ni sifuri, ama x jumlisha 15 ni sifuri?

Nikikuambia nina namba mbili nimezizidisha nikapata 12, huwezi kujua ni zipi. Zinaweza kuwa 3 na 4, au 2 na 6, au 24 na nusu, au hasi 1 na hasi 12. Uwezekano hauna mwisho. Lakini nikikuambia nimezizidisha nikapata sifuri, hapo umenikamata. Lazima mojawapo iwe sifuri. Na sababu yake haihitaji kukaririwa. Chukua kwamba ile ya kwanza si sifuri. Basi ninaweza kugawanya pande zote mbili kwa hiyo namba ya kwanza. Upande mmoja unabaki na namba ya pili, na upande mwingine unabaki na sifuri, maana sifuri ukiigawa kwa namba yoyote isiyo sifuri inabaki sifuri. Kwa hiyo namba ya pili ni sifuri. Hakuna njia ya kukwepa.

Hakuna namba nyingine yenye tabia hii. Zao likiwa 12, au 240, au 1, halikwambii kwa uhakika thamani ya hata moja ya namba zilizolizaa. Zao likiwa sifuri, linakwambia. Ndiyo maana tunahamisha kila kitu na kuacha sifuri. Tunalivunja swali moja gumu, lenye x iliyozidishwa kwa x, kuwa maswali mawili mepesi ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anayaweza: namba gani ukitoa 16 unabaki na sifuri, na namba gani ukijumlisha 15 unapata sifuri?

Mwanafunzi asipoambiwa hivyo, makosa yanakuja, na baadhi yake ni ya hatari kwa sababu yanavaa sura ya usahihi. Nitakupa mfano mmoja, na huu ufuatilie polepole. Swali linasema: (x – 2)(x – 3) = 2. Mwanafunzi ameshazoea kwamba mabano yakikaa pamoja, unayatenganisha. Basi anaandika: x toa 2 ni sawa na 2, kwa hiyo x ni 4. Halafu x toa 3 ni sawa na 2, kwa hiyo x ni 5. Tuyahakiki. Tukiweka 4, tunapata 2 mara 1, ambayo ni 2. Limekubali! Tukiweka 5, tunapata 3 mara 2, ambayo ni 6. Limekataa.

Umeona hatari ilipo? Jibu la 4 limekuwa sahihi kwa bahati, na mwalimu mwenye madaftari mengi na usingizi machoni anaweza kulipa nusu ya alama. Mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba njia yake ni nzuri, ila kateleza mahali fulani. Kumbe njia yote ni batili. Njia halali ni kufungua mabano, tupate x² – 5x + 6 = 2, kisha tuihamishe ile 2, tupate x² – 5x + 4 = 0. Namba mbili ambazo zao lake ni 4 na jumla yake ni hasi 5 ni hasi 1 na hasi 4. Kwa hiyo (x – 1)(x – 4) = 0, na majibu ni 1 na 4. Hiyo 1 mwanafunzi wetu hakuiona kabisa.

Kosa la pili ni la haraka zaidi. Swali ni x² = 7x. Mwanafunzi anagawanya pande zote kwa x, anapata x ni sawa na 7, anafunga daftari. Amepoteza jibu moja. Sifuri nayo ni jibu, maana sifuri mara sifuri ni sifuri, na 7 mara sifuri ni sifuri. Alipogawanya kwa x alidhani bila kusema kwamba x si sifuri, na hakuna aliyempa ruhusa hiyo. Angehamisha akapata x² – 7x = 0, kisha akatoa x nje ya mabano, angeandika x(x – 7) = 0, na majibu yote mawili, 0 na 7, yangekuwa mbele ya macho yake.

La tatu ni la alama. Mwanafunzi anafika vizuri kwenye (x – 2)(x – 3) = 0, kisha anaandika x ni hasi 2 au hasi 3, kwa sababu anaziona alama za kutoa mle ndani ya mabano na anazibeba kama zilivyo. Huyu hajiulizi ni namba gani inayoyafanya mabano yawe sifuri. Ananakili tu.

Kwa wale wanaopenda kuchimba zaidi, niwaonyeshe kwamba sheria hii ya sifuri haiko kila mahali. Chukua hesabu ya saa ya ukutani. Ukifika 12 unaanza upya, kwa hiyo pale 12 inafanya kazi ya sifuri: saa tatu ukiiongezea saa 12 inarudi saa tatu ileile. Katika hesabu hiyo 3 mara 4 ni 12, yaani sifuri. Namba mbili, hakuna hata moja iliyo sifuri, lakini zao lake ni sifuri! Sasa tatua x² – 5x + 6 = 0 kwa hesabu hiyo ya saa. Majibu 2 na 3 yanakubali, kama kawaida. Lakini 6 nayo inakubali, maana 6 toa 2 ni 4, 6 toa 3 ni 3, na 4 mara 3 ni 12. Na 11 nayo inakubali, maana 9 mara 8 ni 72, ambayo ni 12 mara sita. Mlinganyo mmoja wa kipeo cha pili umepata majibu manne. Katika namba zetu za kawaida jambo hilo haliwezekani. Mabano mawili yakizidishana kuwa sifuri, mojawapo ni sifuri; kwa hiyo majibu hayawezi kuzidi mawili. Ile kauli ya darasani kwamba mlinganyo wa kipeo cha pili hauna zaidi ya majibu mawili inasimama juu ya tabia ya sifuri, na bila tabia hiyo inaanguka.

Msikilizaji, jambo hili linaloandikwa ubaoni kwa dakika moja liliwachukua binadamu muda mrefu sana kulifikia. Katika jumba la makumbusho la Uingereza, kule London, kipo kibao cha udongo cha Babeli ya kale, kinachojulikana kwa namba BM 13901. Umri wake umepita miaka 3,500. Swali lake la kwanza linahusu mraba: ukijumlisha eneo lake na ubavu wake unapata robo tatu, je, ubavu ni kiasi gani? Jibu ni nusu, maana robo ukijumlisha na nusu unapata robo tatu. Huo ni mlinganyo wa kipeo cha pili. Watu wa Babeli waliujua, wakautatua, wakawafundisha vijana wao, na hawakuandika sifuri upande wowote.

Mnamo mwaka 628, kule India, Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu kwa namba chanya, namba hasi na sifuri, akaihesabu sifuri kuwa namba miongoni mwa namba. Takriban karne mbili baadaye, mnamo mwaka 820, mjini Baghdad, enzi za Khalifa al-Ma'mun, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake maarufu cha aljebra. Mfano wake unaojulikana kuliko yote kwa maandishi ya leo ni x² + 10x = 39. Aliuchora. Alianza na mraba wenye ubavu x, akauongezea mistatili ya upana wa 5 pande mbili, kisha akaona kona moja iko wazi, mraba mdogo wa 5 kwa 5. Akaijaza kona hiyo kwa 25. Thelathini na tisa ukiongeza 25 ni 64, kwa hiyo mraba mkubwa una ubavu wa 8. Ondoa ile 5 iliyoongezwa, x ni 3.

Ni kazi safi, na mpaka leo ndiyo tunayoiita kukamilisha mraba. Lakini angalia alichokosa. Sisi tungehamisha 39, tukapata x² + 10x – 39 = 0, tukaandika (x + 13)(x – 3) = 0, tukaona 3 na hasi 13 kwa pamoja. Al-Khwarizmi alitoa 3 peke yake, kwa kuwa ubavu wa mraba hauwezi kuwa hasi. Na kwa kuwa hakutaka namba hasi wala upande wenye sifuri tupu, ilimbidi aigawe milinganyo yake katika aina sita, kila aina na utaratibu wake. Sisi tunayo aina moja tu, kwa sababu tunahamisha kila kitu upande mmoja.

Mazoea ya kuuandika mlinganyo kama mabano yanayozidishana kuwa sifuri yalishika mizizi Ulaya karne ya 17. Mwingereza Thomas Harriot aliujenga mlinganyo kwa njia hiyo, na kitabu chake kilichapwa London mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha jiometri kilichochapwa Leiden, Uholanzi, alieleza jambo hilo kwa mfano uleule tulioutumia leo: chukua x toa 2 ni sawa na sifuri, chukua x toa 3 ni sawa na sifuri, vizidishe, na utapata x² – 5x + 6 = 0, mlinganyo wenye majibu 2 na 3. Toka kibao cha Babeli mpaka hapo imepita zaidi ya miaka elfu tatu. Basi kijana wa kidato cha pili asipoikamata hatua hiyo kwa kuandikiwa mara moja ubaoni, tusikimbilie kusema hana kichwa cha hisabati. Mabingwa wa dunia nao walichukua muda.

Nimeshasema kwa nini. Sasa niseme kidogo kuhusu namna, hasa kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani.

Kwanza, kabla ya kutafuta namba mbili, angalia kama kuna kigawo cha pamoja. Katika 3x² – 12x = 0, toa 3x nje, upate 3x(x – 4) = 0, na majibu ni 0 na 4. Pili, kama kipande cha katikati hakipo, kama vile x² – 49 = 0, kumbuka kwamba 49 ni 7 mara 7, na uandike (x – 7)(x + 7) = 0. Tatu, soma alama kabla ya kuanza kukisia. Namba ya mwisho ikiwa chanya, zile namba mbili zina alama inayofanana, na alama hiyo ni ya kipande cha katikati. Namba ya mwisho ikiwa hasi, alama zinatofautiana, na ile kubwa ndiyo inayobeba alama ya katikati. Ukifanya hivi, nusu ya kukisia imekwisha kabla hujaanza.

Wanapokwama wengi ni pale x² inapokuwa na namba mbele yake. Chukua 2x² + 7x + 3 = 0. Zidisha namba ya kwanza na ya mwisho: 2 mara 3 ni 6. Tafuta namba mbili ambazo zao lake ni 6 na jumla yake ni 7. Ni 6 na 1. Sasa kivunje kipande cha katikati kwa namba hizo: 2x² + 6x + x + 3 = 0. Vipande viwili vya mwanzo vinatoa 2x(x + 3), na viwili vya mwisho ni x + 3 yenyewe. Mabano ya x + 3 yamejitokeza pande zote mbili, kwa hiyo yanatoka nje: (x + 3)(2x + 1) = 0. Majibu ni hasi 3 na hasi nusu. Mabano yasipofanana hapo katikati, simama. Ama namba zako mbili si zenyewe, ama alama imekosewa. Njia hii inakuonya mapema kabla hujafika mwisho.

Na wapo wasiopenda kukisia kabisa. Kwao kuna utaratibu ambao mwaka 2019 profesa wa hisabati wa Marekani, Po-Shen Loh, aliueneza upya, na ambao asili yake ni ya kale sana. Rudi kwenye x² – 5x + 6 = 0. Majibu mawili jumla yake ni 5, kwa hiyo wastani wake ni mbili na nusu. Jibu moja liko juu ya wastani na jingine chini yake, kwa umbali uleule. Uite umbali huo d. Zao la majibu ni 6, nalo ni mraba wa mbili na nusu, yaani 6.25, toa d². Kwa hiyo d² ni 0.25, na d ni nusu. Ongeza nusu upate 3, punguza nusu upate 2. Hakuna kukisia.

Lazima pia niwe mkweli kuhusu mipaka. Milinganyo ya vitabuni na ya mitihani huchaguliwa ili vigawo vipatikane. Ukijitungia mlinganyo kwa namba zozote zinazokujia kichwani, mara nyingi namba nzima mbili za kufaa hazitakuwepo. Kipo kipimo cha kujua mapema. Chukua namba iliyo mbele ya x, iweke kwenye kipeo cha pili, kisha toa mara nne ya zao la namba ya kwanza na ya mwisho. Mlinganyo ukiwa wa namba nzima, na hesabu hiyo ikitoa namba yenye kipeuo cha pili kilicho namba nzima, vigawo vipo. Kwenye ligi yetu ni 1 jumlisha 960, ambayo ni 961, na 31 mara 31 ni 961. Vigawo vipo.

Sasa mtu akikuambia kuna ligi ya nyumbani na ugenini yenye mechi 250, mpime. Ni 1 jumlisha 1,000, ambayo ni 1,001. Mraba wa 31 ni 961 na wa 32 ni 1,024, kwa hiyo 1,001 haina kipeuo cha namba nzima. Hata ukiorodhesha jozi za vigawo vya 250, ambazo ni 1 na 250, 2 na 125, 5 na 50, 10 na 25, hakuna jozi inayopishana kwa 1. Ligi hiyo haipo, na umeijua kuwa haipo bila kuuliza mtu. Lakini mechi 306, za Ligi Kuu ya Kenya yenye timu 18, zinapita kipimo vizuri, maana 1 jumlisha 1,224 ni 1,225, na 35 mara 35 ni 1,225.

Atatokea mtu aulize: kama ipo kanuni ya jumla inayotatua kila mlinganyo wa kipeo cha pili, vigawo vina faida gani? Jibu langu ni kwamba kanuni inakupa majibu, ila vigawo vinakuonyesha majibu yanatoka wapi. Tena wazo la vigawo haliishii kwenye kipeo cha pili. Mabano matatu yakizidishana kuwa sifuri, mojawapo ni sifuri, manne vilevile, mia vilevile. Mwanafunzi atakayeendelea na hisabati kidato cha tano na cha sita, na chuo kikuu, atakutana na wazo hili kila anapogeuka.

Namalizia kwa maombi matatu. Walimu, mnafanya kazi ngumu katika madarasa yaliyojaa, na ratiba haiwaonei huruma. Hata hivyo, siku ya kufundisha vigawo tafuteni dakika kumi za swali moja tu: kwa nini sifuri? Nanyi mnaofundisha kwa Kiingereza sekondari, lielezeni jambo hilo kwa Kiswahili pia, maana mtoto aliyejifunza vigawo shule ya msingi kwa Kiswahili ana haki ya kujua kwamba vigawo anavyokutana navyo sekondari ni vilevile. Mtihani utabaki kama ulivyo, lakini sababu haina budi kuingia kichwani kwa lugha ambayo kichwa hicho kinawazia.

Wazazi, si lazima mjue hisabati ili msaidie. Mwombe mwanao arudishe jibu lake ndani ya mlinganyo, mbele yako, aone kama linakubali. Akifanya hivyo kila siku, makosa mengi atayagundua mwenyewe kabla ya mwalimu.

Na wewe mwanafunzi, kuuliza si ujinga. Ukifundishwa hatua ambayo hujui sababu yake, nyoosha mkono uulize, na ukijibiwa usielewe, uliza tena. Hisabati ndilo somo ambalo hutakiwi kuamini kitu kwa kuwa mkubwa kasema. Unatakiwa uone mwenyewe kwamba haiwezi kuwa vinginevyo.